Dada Yangu Aliponyamaza

Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya wazungu kule Endebess, miaka ya hamsini, tulienda shule miguu mitupu kwenye umande ambao wajukuu wetu wangeuombea ruhusa ya kubaki kitandani. Tulibeba viazi vitamu vya moto, vikatupasha mikono joto. Dada yangu Nafula alitangulia akiimba. Mara kwa mara, katikati ya wimbo, alinyamaza, macho yamekodoka, midomo ikitafunatafuna. Ukihesabu hadi kumi, anaendelea kama kawaida. Mimi nilimwiga, watoto wakacheka.

Darasani ilikuwa balaa. Akinyamaza katikati ya kusoma, mwalimu aliona ni kiburi, akamchapa. Nafula alilia kwamba hakusikia akiitwa.

Mama akatupeleka kwa dresa, yule mhudumu aliyetibu watu kwenye zahanati. Dresa akamwambia Nafula, "Puliza kama unawasha moto. Usiache." Akapuliza, akapuliza, halafu akaganda. Dresa akamwita mara tatu. Kimya. Kisha Nafula akauliza, "Niendelee?"

"Mama Nafula, hiki ni kifafa. Kupuliza hivyo ndiko kumekiamsha."

"Ati kifafa? Mtoto wangu hajaanguka hata siku moja!"

"Kuna cha kuanguka na kutetemeka, na kuna hiki cha kunyamaza tu. Hakiambukizi, wala si uchawi. Mwambie mwalimu asimchape."

Mama alichukua dawa, lakini hakumwambia mwalimu. Aliliogopa hilo jina kuliko fimbo. "Mkilitaja, hakuna atakayemuoa," alituonya. Na dawa haikufanya kazi haraka, fimbo ikaendelea.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikasimama. "Mwalimu, ni mgonjwa. Ni kifafa."

Mwalimu aliiweka fimbo chini. Hakumchapa tena. Lakini mchana ule, wasichana waliokuwa wakila naye walihama wote. Nikaenda kukaa kando yake. Hakuniangalia.

"Ungemwacha tu anichape," alisema.

Muhula ule haukuisha kabla hajaacha shule. Alipokuwa msichana mkubwa ule ugonjwa ukamwacha, akaolewa huko Chwele, akazaa. Shuleni hakurudi.

Hivi karibuni kitukuu wake huko Kitale ameonekana na kunyamaza kulekule. Mwalimu wake ndiye aliyegundua, akawaita wazazi, wakaenda hospitali. Siku hizi mtoto anayekaa naye dawati moja humwonyesha mstari walipofika. Nilimpelekea Nafula habari hizo nikidhani ataniuliza kuhusu dawa.

"Na wanakula naye?" akauliza.

"Wanakula naye, dada."

Akageuza uso dirishani, akalia taratibu.