Nilikaa Upande wa Duara la Juu

Sauti ninayoikumbuka vizuri mpaka leo ni ya winchi. Ile ya miti, ya kuzungusha kwa mikono, iliyokuwa inalia kwii, kwii, kila mfuko wa mawe ulipopandishwa kutoka shimoni. Asubuhi ile ililia kama siku zote, na mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati za kuuza huku naimba. Nilikuwa mtu wa kuimba sana. Shija, mchumba wangu, alitoka kwenye turubai lao na tochi yake kichwani, akanisalimia kwa Kisukuma chetu.

"Mwangaluka, mke wangu."

"Mwangaluka. Mke wako nani? Baba yangu hajaona hata mkia wa ng'ombe."

"Wapo njiani. Wamenenepa, ndiyo maana wanatembea polepole."

Wateja wakacheka, chai ikawapalia. Mpango wetu kila mtu pale machimboni aliujua, maana nilikuwa siwezi kuufunga mdomo. Baada ya mavuno tufunge ndoa kanisani kwetu, karibu na Kharumwa. Mimi nifungue saluni. Yeye aache kushuka shimoni.

Siku hiyohiyo duara letu, yaani shimo la kina Shija, lilitobozana na duara la juu, la jirani zetu. Mashimo mawili, kila moja likifuata mwamba wake wa dhahabu, yakakutana huko chini ardhini. Hilo hutokea, na lina taratibu zake. Kazi inasimama. Wazee wa pande zote wanashuka, wanafunga kamba pale penye tundu, halafu wanapima mwamba ni wa nani. Mpaka wamalize, hakuna wa kugonga jiwe. Kamba ilifungwa jioni. Asubuhi ikakutwa imekatwa.

Nani aliyekata? Sisi tulisema wao, wao wakasema sisi. Mpaka leo sijui.

Yakaanza mawe. Yakafuata mapanga, kisha mishale. Nilijifunza kupika nikiwa nimechuchumaa nyuma ya magunia, kwa sababu mshale ulipita juu ya sufuria ukachoma nguzo ya kibanda changu. Kijana mmoja wa kwetu alikatwa mkono, akapelekwa hospitali kwa pikipiki, akapiga kelele mpaka pikipiki ilipopotea. Mzee mmoja wa duara la juu alipigwa jiwe la kichwa, akafa. Kabla ya hapo alikuwa ananunua chapati kwangu, anapenda zilizoungua.

Bombani ndiko tulikokutana na adui. Wanaume hawakufika, ila sisi wanawake tulihitaji maji. Huko nilizoea kumwona Mama Neema, mama wa Singida aliyeuza uji kwenye duara la juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Hebu nitwishe. Hivi hawa wanaume wetu wamelogwa na jiwe?"

"Labda jiwe ndilo limelogwa na wao."

Alicheka mpaka maji yakamwagika.

Halafu Masunga, msimamizi wa duara letu, akaamua kutumia moshi. Matairi na pilipili kavu, vichomwe huko chini karibu na tundu, na mashine yetu ya kupuliza hewa iusukume moshi wote upande wa pili. Shija na wenzake wawili ndio waliochaguliwa kuwasha.

"Usiende," nikamwambia.

"Hatuui mtu, Minza. Watakohoa, watatoka, basi."

"Na wewe je?"

"Mimi nawasha, napanda. Nitunzie chapati mbili."

Akashuka.

Hakuna aliyefikiria kwamba na wao wana mashine. Waliposikia harufu, wakaiwasha. Ilikuwa kubwa kuliko yetu.

Moshi ukageuka.

Ukatoka kwenye mdomo wa shimo letu, mweusi, mzito. Wa kwenye winchi wakakimbia wakishika macho. Kamba ilikuwa imelegea. Hakuna aliyeivuta kutoka chini.

Niliomba. Sikumbuki maneno. Nakumbuka tu kwamba nilipofumbua macho nilielewa jambo moja: kama moshi unakuja kwetu, basi kwao hewa ni safi.

"Njia ya kuwatoa ni kule juu," nikamwambia Masunga.

"Ukienda kule usirudi hapa."

Nilivua khanga ya mabegani ili waone sina kitu mikononi. Nikatembea.

Walinizunguka na mapanga, nikawaomba washushe mtu akawatoe wetu watatu. Mmoja akasema, "Wanamtuma mwanamke! Tukishusha mtu wetu, watamvizia kule chini wamkate."

Mama Neema akapenya katikati yao. "Huyu namjua. Ni wa bombani."

"Kujuana bombani ndiyo nini, mama?"

Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye udongo wao. Nikasema, "Mimi sitoki hapa mpaka mtu wenu arudi. Akiguswa, nipo mikononi mwenu."



Sikuwa na uhakika na watu wangu. Hilo nataka lieleweke. Niliweka shingo yangu kwa ajili ya wanaume waliokuwa wamewasha moto, mbele ya wanaume waliowashiwa. Nilichokuwa nacho ni imani tu, na ilikuwa inatetemeka.

Hamisi, mchimbaji wao, akalowesha fulana yake, akajifunga puani, akachukua ndoo ya maji ya kumwagia moto. "Mashine isizimwe," akasema. Akashuka.

Alimtoa mmoja, anatapika. Akashuka tena, akamtoa wa pili.

Akashuka mara ya tatu.

Mama Neema alinishika kichwa akakigeuza tumboni kwake, nisione. Nilikigeuza, nikaona.

Nilikuwa nimemwomba Mungu mtu mmoja. Wakatoka wazima wawili, na Shija si mmoja wao.

Vita iliishia pale. Polisi walikuja, mashimo yote mawili yakafungwa. Miaka imepita, na watu bado wananiuliza kama naamini, wengine kwa huruma, wengine kwa kebehi. Wale wawili wana watoto sasa. Mke wa mmoja ananiita dada. Hamisi bado anakohoa vumbi likizidi. Naweka hayo upande mmoja, naweka Shija upande wa pili, na haviji sawa. Sidhani vitakuja. Ila najua siku ile watu niliofundishwa kuwaogopa waliniamini, na mmoja akashuka mara tatu.

Tulimzika Shija Alhamisi. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Mama akanikataza, akasema wapo wengine. Nilikwenda. Nilipiga magoti mbele, maneno hayakuja hata moja. Basi nikainuka, nikasogeza mabenchi, nikafagia kuanzia madhabahuni mpaka mlangoni.