Akirudi Kwenye Nyekundu

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu chanjo katika zahanati moja huku Temeke. Mbele yetu alikuwepo mama kijana mwenye mtoto mwembamba. Alikuja kuomba chakula dawa, zile pakiti za karanga za serikali wanazopewa watoto wenye utapiamlo mkali.

Nesi alimzungushia mtoto utepe wa kupimia mkono, ule wenye kijani kwa mzima, njano kwa aliyepungua na nyekundu kwa aliye hatarini, akausoma, akarudia.

"Njano," alisema. "Pakiti ni za nyekundu, mama."

"Wiki iliyopita alikuwa nyekundu, dada. Mkaniambia zimeisha, nirudi leo."

"Umempa nini?"

"Majirani walinichangia. Huyu unga wa lishe, yule yai."

"Mmefanya vizuri. Endelea hivyo hivyo."

"Unga umeisha jana."

Nesi aliukunja utepe polepole. "Mie nafuata rangi, mdogo wangu. Akirudi kwenye nyekundu, mlete siku hiyo hiyo."

"Kumbe wewe na majirani mlimuwahi sana kumlisha," mwanamke mmoja alitania kutoka kwenye benchi.

Mama alimfunga mtoto mgongoni, akauliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kuuelewa utaratibu, "Huwa inachukua siku ngapi?"

Nesi alimwita anayefuata, ambaye ni mimi.

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayekumbuka majina ya watoto waliotutoka wakiwa wadogo, na kilichomwondoa kila mmoja. Mwenye kazi hiyo katika ukoo wa mtoto huyu, likitokea la kutokea, itabidi aseme kwamba mtoto aliponzwa na kule kupata nafuu.