Reli Iliyokwama Darini

Watu wa mji mdogo wa Kilbrannoch walipouliza kwa nini Murdo Gilfillan hakuwahi kuileta reli yake ndogo ya mfano kwenye maonyesho ya ukumbi wa kanisa, jibu lilikuwa fupi: haikuweza kutoka ndani ya nyumba. Aliijenga darini, ubao kwa ubao, kutoka ukuta huu hadi ule, na njia pekee ya kufika huko ilikuwa tundu la mraba kwenye dari la korido, ambalo mtu mnene hulipita kwa kubana tumbo na kuzuia pumzi. Mbao zilipitishwa moja moja. Zilipokwisha kuunganishwa, kubandikwa gundi na kubeba mlima, mto na stesheni, hazikuwa tena mbao moja moja.

Wenzake wa chama cha reli ndogo walimwonya mapema. Wao hujenga kwa vipande, na kila kipande hufungwa na mwenzake kwa bolti, ili siku ya maonyesho vifunguliwe na kupakiwa garini. Murdo hakutaka kusikia habari ya bolti.

"Kila baada ya hatua mbili mna kovu," aliwaambia. "Mlima mmeupasua kama mkate. Kondoo kichwa kiko ubao huu, makalio yako ubao ule."

"Na siku ukihama?"

"Nihamie wapi?"

Swali hilo walilicheka, kwa sababu hakuna aliyeweza kumfikiria Murdo mahali pengine. Alizaliwa katika nyumba ya reli pale Larigmore, juu kidogo ya mji, ambako baba yake alikuwa mkuu wa stesheni. Murdo alikuwa bado mdogo njia ile ya reli ilipofungwa. Reli ziling'olewa, jengo likabomolewa, na leo mahali hapo pameegeshwa nyumba za magurudumu za watalii. Mwenyewe alikuja kufanya kazi maisha yake yote kwenye kibanda cha ishara katika njia nyingine, akivuta nyenzo na kuruhusu treni za watu wengine zipite. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini ukimuuliza bomba la mvua la stesheni ya Larigmore lilikuwa upande gani, alikuonyesha kwa mikono yote miwili.

Hiyo ndiyo stesheni aliyoijenga darini: Larigmore katika siku ya mnada wa kondoo, majira ya vuli, jukwaa limejaa watu wasiozidi urefu wa pingili ya kidole. Kokoto za chini ya reli zilikuwa za Larigmore yenyewe. Alikwenda kuziokota, akazisaga, akazichekecha kwa chujio la unga la mkewe.

"Chujio langu," Ishbel hukumbusha kila mara.

"Nilikununulia jingine."

"Baada ya sisi kula mawe kwenye keki."

Familia nzima ilikuwa na mkono wake mle. Ishbel alifuma kondoo wote kwa nyuzi za sufu alizozichovya kwenye chai ili zisiwe nyeupe mno. Binti yao Morven, tangu akiwa msichana, alipaka rangi daraja la matao, jiwe moja baada ya jingine. Kila Mwaka Mpya, kabla ya chakula, kila mtu wa nyumba hiyo aliweka darini kitu kimoja alichokitengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Cha kununua dukani hakikupokelewa. Hata Dougie, mume wa Morven, ambaye ni fundi wa vigae vya bafuni kutoka Glasgow, mwaka wake wa kwanza alipanda ngazi na ng'ombe wa udongo aliyekuwa mkubwa kuliko behewa.

Murdo alimgeuzageuza kwa kibano. "Huyu atapanda treni au ataivuta?"

"Ni ng'ombe wa milimani, mzee. Ana manyoya mengi."

"Huko kwenu milima mnaiona kwenye makopo ya biskuti."

Hata hivyo alimweka, nyuma ya ghala, mahali asipoonekana vizuri. Ndivyo Dougie alivyojua kwamba amekubaliwa.

Mwaka mwingine Morven alisema kwamba mlima ulio nyuma ya stesheni unafanana na pudingi iliyopoa. Kipupwe chote kile Murdo alikuwa juu na ndoo za plasta na wavu wa waya, na Mwaka Mpya ulipofika mlima ulikuwa umegusa paa. Wote walikiri kwamba sasa ulikuwa mlima hasa.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akiwa bustanini, akichimba viazi. Maneno yalirudi taratibu. Mguu wa kulia ulirudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi.

Nyumba yao ni ya mawe, imejengwa mteremkoni, na kutoka barabarani unaifikia kwa ngazi za mawe ambazo wakati wa barafu hata postamani huzikwepa. Kiti cha magurudumu kilipita kwenye korido kwa kukwaruza kuta zote mbili. Bafuni hakikuingia kabisa. Ishbel alijaribu kumhudumia pale hadi mgongo wake ukakataa. Ndipo Morven akawatafutia fleti ya chini huko Perth, karibu na kwake, na nyumba ikapata wanunuzi: mume na mke vijana, watu wa adabu, waliopanga kugeuza dari kuwa vyumba vya watoto. Waliuliza kwa upole kama kile kitu cha juu kingeondolewa kabla hawajahamia.

Kile kitu cha juu. Murdo aliyasikia maneno hayo akiwa amekaa dirishani.

Walitafuta njia. Fundi wa paa alikuja, akagonga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, akasema ukifungua tundu la ukubwa huo kwenye paa kuukuu kama hili, paa lote litataka kuja nalo. Wenzake wa chama walipanda, wakapima, wakashuka, wakanywa chai. Hakuna hata mmoja aliyesema "tulikuambia," na ukimya huo ulimuumiza Murdo kuliko kejeli.

Ikabaki msumeno.

Siku ya kazi, Dougie na Morven walikuwa darini, na Murdo alikuwa chini kwenye korido, kiti chake kimewekwa sawasawa chini ya tundu, blanketi magotini. Ishbel alisimama nyuma yake. Kutoka hapo Murdo aliona taa, ukingo wa ubao, na nyayo za viatu vya Dougie. Tangu augue hakuwa ameiona reli yake. Morven alitaka kumpigia picha ya reli kwa simu, yeye akakataa.

"Sitaki picha. Niambieni tu mnafanya nini."

Mpango ulikuwa kuokoa sehemu tatu: stesheni, daraja na mlima. Sehemu zikifika Perth zingeungwa upya, na treni ingezunguka tena katika chumba cha ziada ambacho Morven alikuwa ameshakipaka rangi. Kabla ya kukata mbao, Dougie alipaswa kufungua waya za umeme zilizo chini yake na kuzitia alama. Akalala chali, akajivuta chini ya stesheni.

"Mzee, hapa pana waya nyingi. Nianze na upi?"

"Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na ulio jirani yake?"

"Mwekundu."

"Na ule mnene?"

"Mzee, zote ni nyekundu. Nimelala chini ya sahani ya tambi za nyanya."

Ishbel akacheka, kisha akamtazama mumewe, akaacha.

Murdo alieleza polepole. Bohari ya reli iliwahi kutupa gurudumu zima la waya mpya kabisa, akalichukua. Kununua rangi nyingine wakati mwekundu upo tele kulionekana uharibifu.

"Sasa ulizitofautishaje, Baba?" Morven aliuliza, uso wake umetokeza kwenye tundu.

"Kwa vidole. Nilijua huu unapita wapi na ule unapita wapi. Nikiingiza mkono, mkono unajua."

"Basi tuambie."

Alifumba macho. Mkono wa kushoto ukaanza kutembea hewani, ukitafuta. "Wa jukwaani unapita kushoto kwa... ngoja. Kulia. Dougie, kichwa chako kiko upande wa bomba la moshi?"

"Upande wa tangi la maji."

"Geuka basi."

"Sigeuki, mzee. Nimebanwa huku, nikigeuka nitatoka na nyumba."

Mkono wa kushoto ulijaribu tena. Ulianza njia ile ile, ukafika mahali pale pale, ukasimama. Haukuwa mkono uliofanya kazi ile. Uliofanya kazi ile ulikuwa umelala pajani.

"Nipandisheni," akasema.

"Murdo," Ishbel akasema.

"Niingize mkono mara moja tu. Huu huu wa kushoto. Nikiwa mle ndani nitakumbuka."

"Hutapanda ngazi. Daktari alisema nini?"

"Daktari hajajenga kitu darini."

Wakajaribu, kwa sababu hakuna aliyeweza kumkatalia tena. Dougie alishuka, akamshika kiunoni. Morven alishika kola ya koti kutoka juu, jambo ambalo halikusaidia chochote. Mguu wa kushoto ulipanda kidaraja cha kwanza. Wa kulia ulifuata kwa kuinuliwa na Ishbel kwa mikono yake miwili, kama mtu anayepandisha mfuko wa makaa. Kidaraja cha pili, mguu wa kushoto ukapanda tena. Wa kulia ukateleza, ukaning'inia, na uzito wake wote ukamwangukia Dougie. Walikaa hivyo kitambo, watu watatu kwenye ngazi moja, hakuna anayeweza kwenda juu wala chini bila kumwangusha mwingine.

"Basi," Murdo akasema, midomo yake ikiwa imegusa bega la mkwewe. "Basi, kijana. Niteremshe."

Walipomrudisha kitini alikuwa anahema. Ishbel alimfunika blanketi, akalikunja vizuri pembeni, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kateni waya," Murdo akasema. "Zote."

"Hazitaungika tena, mzee," Dougie akasema.

"Najua hazitaungika."

Dougie akapanda. Wakasikia koleo: tik, tik, tik. Ilichukua muda mfupi sana ukifikiria miaka ya kuziweka.

Kisha likaja suala la mlima. Dougie aliutikisa, ukakataa. Akauzunguka na tochi.

"Mzee, mlima umeushikiza wapi?"

"Nilipouongeza ulikuwa unayumba. Nikaupigilia kwenye kenchi."

"Kenchi za nyumba?"

"Ulitaka nipigilie kenchi za jirani?"

Morven alicheka darini, kicheko kikavunjika katikati, na wote waliokuwa chini wakaelewa kwamba analia. Ni yeye aliyeuita mlima pudingi.

"Mlima uacheni," Murdo akasema. "Na daraja haliwezi kutoka bila mlima, nalo liacheni. Leteni stesheni."

"Nikusogeze bustanini?" Ishbel alimnong'oneza. "Usiwe hapa wanapokata."

"Nitakuwa hapa."

Msumeno ukaanza. Vumbi jeupe la plasta lilishuka kupitia tundu, likamtulia kichwani na mabegani. Murdo hakulipangusa. Alitega sikio, na sauti ya mbao ilipobadilika alitaja jambo kana kwamba anasoma tangazo la treni: "Hapo ni zizi." Msumeno ukaendelea. "Hapo ni njia ya ghala." Vumbi jingine likashuka. "Hapo ni mwisho wa jukwaa."

Msumeno ukasimama. "Baba, niwaambie waache?" Morven aliuliza, ingawa aliyeushika alikuwa mtu mmoja tu na alikuwa mumewe.

"Ukiacha katikati ubao utapasuka wenyewe. Malizeni."

Stesheni iliteremshwa ikiwa imesimama wima, kwa kamba, watu wote wa jukwaani wamelala ubavu kwa gundi yao, wameshika kofia zao. Kondoo kadhaa walichomoka, wakamwangukia Murdo mapajani. Ilipita tunduni kwa kukwaruza rangi. Morven alipiga makofi kidogo, kisha akaona haya.

Larigmore iko Perth sasa, juu ya kabati la sahani, katika chumba kilichotayarishwa kwa ajili ya reli nzima. Urefu wake haufiki wa mlango. Reli zake zinaanzia hewani na kuishia hewani. Wenzake wa chama walikuja kumtembelea na futi ya kupimia. Walitaka kujenga vipande vipya huku na huku, vya bolti, ili treni ipate pa kwenda. Watu wema. Mmoja alikuwa ameshachora.

"Tutajenga wote, Baba," Morven alisema. "Kila mmoja kipande chake, kama zamani. Wewe utatuelekeza."

"Vizuri," Murdo akasema.

Ishbel na Morven walitazamana. Katika habari za reli, hawakuwahi kumsikia akisema vizuri bila kuongeza sahihisho.

Ishbel huweka kiti cha Murdo mbele ya stesheni kila asubuhi, amwashie taa, kisha aende jikoni kutengeneza uji. Kiti hicho kina gurudumu ambalo mkono wa kushoto unaweza kulisukuma. Akirudi na bakuli humkuta amekigeuza, ametazama dirisha na magari yaliyoegeshwa nje. Siku za mwanzo alimgeuza tena. Alidhani ni mkono umeteleza. Sasa huvuta stuli, huketi upande wa dirisha, na humlisha akiwa hapo hapo.