Akina Mama Waliokemea Sinema ya Binti Yangu

Rafiki yangu, kaa karibu nikupe hii habari vile ilivyokuwa, kwa sababu najua wewe hutanicheka kabla sijamaliza. Utasikia watu wa Kitale wakisema ati kuna mama wa kanisa alipeleka wenzake kukemea sinema. Ni mimi. Lakini wanaisimulia vibaya.

Binti yangu wa kwanza alikuwa anauza mbegu na mbolea kwa duka moja hapa mjini. Kazi nzuri, ya kukaa kwa kivuli. Akaacha. Akaja nyumbani na wenzake wanne na kamera ya kuazima, akaniambia, "Mathe, tunataka kutengeneza muvi hapa kwetu. Ya kutisha."

Nikamuuliza kama hakuna ya kufundisha.

"Ya kufundisha hakuna mtu analipa kuingia, Mathe."

Walikaa kwangu wiki saba. Stoo yangu ya mahindi ndiyo waliifanya nyumba ya hicho kitu chao: sauti inayoita watu kutoka ndani ya stoo wakati wa mavuno, na ukiitika unaingia, na ukiingia hutoki. Kazi yangu ilikuwa kupika. Mchana wote nilikuwa nasikia "Kimya!" mpaka kuku wakafukuzwa kwa boma, na siku moja nikakaripiwa kwa jikoni yangu mwenyewe kwa sababu nimefunika sufuria na kelele. Hiyo ndiyo ilikuwa studio. Hakukuwa na kampuni kubwa nyuma yao wala mtu wa Nairobi. Walikuwa hao watano, stoo, na githeri yangu ya mahindi na maharagwe.

Mzee wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Ikikosa watu, unarudi dukani." Binti akakubali. Wakashikana mkono mbele yangu kama watu wameuziana ng'ombe.

Mwenye ukumbi wa sinema hapa mjini ni mtu wa kuonyesha mpira na sinema za ng'ambo. Alituambia ukweli siku ya kwanza. "Za kutisha ndizo zinajaza. Ya mapenzi mtu anaangalia kwa simu, peke yake kitandani. Ya kutisha anataka mwenzake karibu. Lakini hii yenu, hakuna uso mtu anajua." Akatupa Jumamosi mbili, saa tisa mchana. Viti vyake ni mia mbili. Jumamosi ya pili nusu ikijaa, ataendelea nayo na ataongea na mwenzake mwenye ukumbi Bungoma. Isipojaa, anarudisha mpira.

Kwa hivyo, rafiki yangu, maisha ya mtoto wangu yakawa viti mia moja.

Jumamosi ya kwanza niliwekwa mlangoni kurarua tiketi. Walisema mama akisimama mlangoni watu wanaona haya kuingia bure. Watu wetu wa Kamukuywa hawakuona haya. Walikuja tisa, wamevaa vizuri, na shemeji yangu akaniangalia akashangaa. "Hata sisi tulipe? Si huyu ni mtoto wetu?"

"Ndiyo maana mlipe," nikamwambia.

Wakalipa wakinung'unika. Pamoja na wao, watu walikuwa thelathini na mmoja. Mwenye ukumbi akachungulia ndani, akachungulia barabarani, akaniambia kwa upole, "Mama, viti vyangu vimelala leo."

Jioni hiyo binti yangu aliosha vyombo, akamaliza, akaviosha tena. Niliomba, na nikiwa bado naomba nikajua ni wapi nitapata watu.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani tunakutana Jumatano. Mtu akiwa na jambo, iwe harusi, iwe matanga, iwe mtoto anaenda chuo, anasimama mwisho wa mkutano, kwa mengineyo, anasema, na wote tunaenda. Tunaenda na yunifomu na kitambaa cha kichwa, tunakaa mbele, tunaimba. Hatuulizi maswali mengi. Nikasimama na tangazo langu. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha tangazo liwe na nini, wapi, na saa ngapi, na nililiandika hivyo hivyo. Sinema ya binti yangu, ukumbi fulani, Jumamosi saa tisa.

Mwenyekiti wetu akavua miwani. "Sinema ya nini, dada?"

Hapo sikuweza kudanganya. "Ya kutisha."

Mtu akaweka kikombe chini.

"Kutisha kwa wezi ama kwa mapepo?"

"Iko na pepo. Moja tu."

"Na mwisho linashindwa?"

Rafiki yangu, sikujua! Wiki saba limeishi kwa stoo yangu, Jumamosi nzima nimerarua tiketi zake, na sijawahi kuiangalia. Niliogopa. Nikawaambia hivyo, na wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mwenyekiti akavaa miwani. "Basi tutaenda tuone. Mtoto wa mwenzetu hawezi kukaa na viti vitupu kama tuko."

Nyumbani nikamuuliza binti, "Hilo pepo linashindwa?"

"Mathe, nikikuambia mwisho utaambia kanisa yote."

Jumamosi wakaja arobaini na watatu, wamevaa yunifomu, kama vile tunaenda kuzika mtu mkubwa. Wakalipa kila mmoja bila neno, wakajaza mistari ya mbele. Vijana wa mjini walipoona hivyo wakaanza kuingia pia, wakisukumana. "Leo ni leo, bana!" Mimi nikabaki mlangoni na tiketi.

Saa nzima ikapita vizuri. Halafu nikasikia sauti ya mwenyekiti wetu, ile yake ya mkesha. "Usiitike! Wewe msichana, usiitike!"

Nikaingia mbio. Mwenyekiti alikuwa amesimama, kidole kimeelekea kwa kitambaa cha sinema, na wale wengine wamesimama pia. "Toka kwa hiyo stoo! Kwa jina la Yesu, toka!" Mtu akaanzisha wimbo, mwingine akaleta makofi. Vijana wa nyuma kwanza walicheka, halafu wakaingia kwa wimbo. "Mama, kemea tena! Linarudi! Linarudi!" Kwa kitambaa msichana alikuwa anatembea polepole kuelekea mlango, na hakuna aliyesikia hata hatua yake moja. Akaingia. Mlango ukajifunga. Taa za ukumbi zikawaka.

Hapo akina mama wakakaa. Hawakuamini imeisha.

"Na huyo mtoto?" mmoja akauliza. "Ameachwa humo?"

"Hawezi kuachwa hivyo," mwenyekiti akasema, na akawaongoza kumwombea. Msichana mwenyewe, yule aliyeigiza, alikuwa amesimama karibu na projekta anakula njugu. Akaacha kutafuna, akainamisha kichwa, akasema amina kwa maombi yake mwenyewe.

Nilimpata binti yangu nyuma ya ukumbi. Alikuwa analia. "Mathe, mmeniharibia. Pale palikuwa kimya. Nilitengeneza ile kimya wiki tatu."

Nilimshika tu. Nilikuwa nimemletea watu, na watu ndio walimnyang'anya sinema.

Viti havikufika. Vilikuwa themanini na nane. Mwenye ukumbi akaja anapangusa machozi ya kucheka. "Kwa hesabu mmeshindwa. Lakini sijawahi kuona watu wakibaki kuombea sinema. Jumamosi moja tena."

Jumamosi hiyo ya tatu sikutangaza popote, na watu wakasimama mpaka kwa ukuta. Vijana waliambiana. Walikuwa wanaingia wakiuliza, "Wako wapi akina mama?" Walipokosa akina mama, wakakemea wenyewe. Mwenye ukumbi alikuwa na furaha ya Krismasi, akampigia mwenzake wa Bungoma. Binti yangu aliangalia vile viti vimejaa, akasema, "Hawa wamekuja kuwaona nyinyi."

Akaenda mwenyewe kwa baba yake. Nilikuwa nachambua maharagwe, nikasikia. "Baba, Kitale tusihesabu. Hesabu Bungoma. Nusu isipojaa huko, Jumatatu narudi dukani."

Mzee akamwangalia sana. "Ni wewe umesema," akasema.

Halafu binti akaja kwangu. "Mathe, Bungoma ukuje peke yako. Ukae ndani. Na usiseme kitu, tafadhali."

Ukumbi wa Bungoma ni mdogo, viti mia moja na ishirini. Mlangoni niliona mtu mmoja ametoka Sirisia na bibi yake, na vijana wa mafunzo ya kilimo kutoka Mabanga, na wengine hawanijui na siwajui. Nikakaa mstari wa katikati, mikono kwa mapaja. Watu walinyamaza kwanza kwa adabu, halafu wakanyamaza kwa sababu wameogopa. Nilisikia kila kitu. Nilisikia mahindi yakianguka moja moja kwa gunia. Nilisikia mlango wangu, na sikuwahi kujua mlango wangu unalia hivyo.

Halafu ile sauti ikaita kutoka ndani ya stoo. "Njooni, chakula kiko tayari. Njooni basi, kinapoa."

Ilikuwa sauti yangu.

Haikubadilishwa. Ilikuwa ni mimi, vile nilikuwa nawaita hao watoto wakuje kula githeri, na mmoja wao alikuwa ananasa sauti na mimi sijui. Ikaita taratibu, kwa upendo kabisa, na msichana akageuka. Mama aliyekaa karibu na mimi, simjui, akanishika mkono akanong'ona, "Asiende, jamani." Na mimi niliyeahidi kunyamaza nilijiziba mdomo kwa mkono wa pili, kwa sababu nilijua ataenda. Nilikuwa nimewaita hivyo wiki saba na hakuna hata siku moja mtu alikataa.

Kwa mlango wa kutokea nikamkamata binti yangu kwa sikio, kidogo tu. "Umenifanya mimi pepo?"

"Mathe, tulijaribu sauti za kutisha, zote mtu anakimbia. Yako ndiyo hakuna mtu anaweza kukataa. Watu wa Kamukuywa waliitambua, nikawaomba wasikuambie."

"Na mwenyekiti alinikemea mimi! Kwa jina la Yesu! Mbele ya watu wote!"

Akacheka mpaka akakaa chini kwa ngazi. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu siku ya viti vilivyolala.

Mwenye ukumbi wa Bungoma akatoka na vipande vya tiketi kwa bakuli. Sabini na wanne. Zaidi ya nusu. "Na hakuna aliyetoka kabla ya mwisho," akasema. "Nitaiweka wiki mbili." Binti yangu akampigia baba yake, akaweka simu nisikie. Mzee akauliza hesabu, akaambiwa.

"Basi waambie dukani watafute mtu mwingine," akasema. Halafu, "Mama yako aliogopa?"

"Sana, baba."

"Nitakuja nione."

Sasa, rafiki yangu, nina ombi. Sinema kama hii haina mabango barabarani wala uso unaojulikana. Ilicho nacho ni watu kuambiana, na nimeona kwa macho yangu kinavyojaza viti. Kwa hivyo hii habari usikae nayo. Mpe mama wa jirani, na yule wa kwaya, na yeye ampe mwingine. Wakienda, wanunue tiketi, wakae kimya. Ila ile ya sauti iruke unaposimulia. Waache waende wasikie wenyewe nikiwaita.