Kamba ya Kapita

Hadi leo, harufu ya petroli ikikutana na harufu ya mbwa aliyelowa mvua, mkono wangu hutafuta kitu cha kushika kabla akili haijajua sababu. Hapa mtaani kwetu Mangobo harufu hizo mbili hazina shida kukutana, kwa kuwa vijana wanauza petroli ya chupa pale kona ya barabara yetu, na mvua ikinyesha mbwa wa mtaa huja kulala chini ya meza yao. Wengine hupita tu. Mimi husimama, nikatazama kushoto na kulia, nikajiuliza nani anasafiri hapa na nani hatarudi. Mume wangu husema nina roho ya polisi ndani ya mwili wa mtu asiyetoka nyumbani, na kwa hilo la pili sina ubishi. Naenda sokoni na kurudi, naenda kanisani na kurudi, na kama kanisa lingekuwa mbali kidogo zaidi, nadhani Mungu angenielewa.

Nilikuwa hivyo tangu utotoni. Mwaka nilipomaliza darasa la nne, wenzangu walikwenda kuogelea mtoni au kuwatazama wavuvi kwenye maporomoko, nami nilikaa kwenye kizingiti chetu nikila karanga na kuwahukumu wapita njia. Mwenzangu wa kizingiti alikuwa mbwa wetu, Kapita. Papa, baba yangu, alimpa jina hilo la msimamizi wa kazi kwa sababu hakufanya kazi yoyote ila kukaa na kuwaangalia wengine wakifanya. Alikuwa mwekundu kama udongo wa barabara, mkia umejiviringa juu ya mgongo, masikio yamesimama muda wote kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Na hakubweka. Mbwa wa kabila lake, wale wa msituni upande wa Opala, hawabweki. Wakizidiwa sana hutoa sauti kama ya mtu anayejaribu kuimba huku akisukutua. Wawindaji huwafunga kengele ya mbao shingoni ili wajue walipo. Huko msituni hiyo ni sifa. Mangobo, kwenye kuta fupi na wezi wa vidole virefu, ni hasara. Koko, yaani bibi yangu, mama yake Papa, ndiye aliyetutumia mbwa huyo kutoka Opala akiwa bado mdogo, ndani ya kikapu cha samaki, na mpaka alipokua aliendelea kunusa kikapu chochote kama mtu anayetafuta kwao.

Likizo kubwa ilipoanza, mwizi aliingia kiwanjani mwetu akamchukua jogoo wa Papa. Kapita alimtazama akiingia, akamtazama akitoka. Papa alisimama mbele yake asubuhi ile, mikono kiunoni. "Wewe," alimwambia, "hata kukohoa ulishindwa?" Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba tunakwenda Opala kumsalimia koko, aliyekuwa amebaki peke yake tangu mumewe afariki. Nikauliza kama Kapita atabaki na kaka yangu Dido, ambaye ndiye angelinda nyumba. Mama aliendelea kukunja nguo. "Kapita pia anaenda," alisema. Nikauliza kwa nini. "Na yeye iko na famille kule," akajibu Papa, akatoka nje haraka kuliko kawaida yake. Nani anasafirisha mbwa siku tatu kwa pikipiki kwenda kusalimia shangazi zake? Nilijumlisha jogoo, kikapu cha samaki na mgongo wa Papa ukitoka mlangoni, nikapata jibu: wanakwenda kumrudisha.

Kuanzia hapo kila kitu kilithibitisha. Mama alininunulia viatu vipya, vikubwa kidogo, bila mimi kuvililia. Alinipikia lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki siku mbili mfululizo, akanipa kichwa cha samaki ambacho kwa kawaida ni cha Papa. Dido, ambaye hakuwahi kunipa hata ganda la ndizi, alinipa tochi yake na kunitazama kwa huruma. Niliwaelewa wote. Wana hatia juu ya mbwa wangu, nikasema moyoni, na wanataka kuninunua. Nikala kichwa cha samaki, nikachukua tochi, na sikuwasamehe.

Tulitoka alfajiri kwa pikipiki mbili. Papa aliendesha ya kwanza, mimi nikiwa katikati yake na Mama kama yai la kuchemsha lililobanwa ndani ya chikwange, ule mkate wa muhogo. Ya pili iliendeshwa na Tonton Faustin, mdogo wake Papa, aliyebeba mizigo yote na, juu ya mizigo, kikapu chenye Kapita ndani. Kichwa tu ndicho kilichoonekana, masikio juu, kama afisa anayekagua wilaya. Tulivuka mto kwa mtumbwi wa injini mpaka Lubunga, pikipiki zimelazwa, petroli ikichuruzika kidogo chini, na manyunyu ya asubuhi yakitulowesha sisi na mbwa. Ndipo harufu ile iliponiingia. Nilishika ukingo wa kikapu njia nzima ya majini. Tonton alicheka mpaka akakohoa. "Mademoiselle, unalinda hii mbwa sawa vile iko na almasi ndani ya tumbo!" Nikamwangalia kwa mashaka. Mtu anayecheka sana safarini, kwa maoni yangu ya wakati ule, ana jambo anaficha. Maoni hayo sijayabadilisha sana.

Ng'ambo ya mto barabara ilikuwa barabara kwa kilomita chache za mwanzo, kisha ikawa kumbukumbu ya barabara. Mianzi iliinama pande zote mbili ikakutana juu, tukapita chini yake kama ndani ya koo la mnyama. Kwenye madaraja ya magogo tulishuka. Papa na Tonton walisukuma pikipiki huku maji meusi yakionekana katikati ya magogo, na mimi nilivuka nikiwa nimekumbatia kikapu kizito kuliko mimi, kwa sababu sikumwamini mtu mwingine kukivusha. Siku ya pili mvua ilitukamata, tukajibanza chini ya paa la majani kwenye kijiji ambacho watu wake walitupatia mihogo ya kuchoma na kututazama. Kwa usahihi, walimtazama Kapita. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alizunguka kikapu mara mbili, akamminya mbwa mgongoni kama tunavyominya parachichi.

"Munamupeleka wapi?" akamuuliza Papa.

"Kwa mama yangu, Opala."

"Kwa kusalimia ao kwa sufuria?"

Watu wote wakacheka, hata Mama. Mimi nilijifunga kamba ya Kapita kiunoni, nikakaa hivyo mpaka mvua ilipokatika. Nilipokwenda kujisaidia nilikwenda naye. Tonton alisema kama serikali ingekuwa na askari kama mimi, mpaka wa nchi usingepitwa hata na sisimizi. Lakini nilimwona Papa hacheki. Alikuwa ananitazama mimi na ile kamba, akafuta uso kwa kiganja. Nikaandika hilo pia kichwani upande wa mashtaka.

Tuliingia Opala siku ya tatu jua likiwa limeelekea mto Lomami. Nyumba ya koko ilikuwa karibu na mto, nayo yote ilinuka moshi wa samaki. Koko mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye meno machache na macho yasiyokosa kitu. Alimpita Papa, akampita Mama, akampita Kapita, akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono yote miwili. Mimi ni ndoyi wake: nilipozaliwa nilipewa jina lake, Basele, na kwetu mtu mliyechangia jina si mjukuu wa kawaida. Alinigeuza, akanitazama visigino. "Amekonda," alisema. Kisha akatuonyesha ndani. Pembeni ya kitanda chake palikuwa na mkeka mpya wa kulalia, bado unanuka majani mabichi, na kijidumu kidogo cha maji, saizi ya mtoto. Nikasema moyoni: loo, hata kitanda wamemtandikia Kapita.

Basi nikaamua. Jioni ile, wakubwa wakiwa kwenye moto wakiongea kwa sauti ya chini na kunyamaza kila nilipokaribia, nilipewa kisu nimenye ndizi. Kapita alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko kwa kamba ya nailoni. Nilimenya ndizi moja, nikakata uzi mmoja wa kamba. Ndizi nyingine, uzi mwingine. Nilifanya karibu na fundo la shingoni, mahali ambapo manyoya ya shingo yangefunika, na niliacha nyuzi chache tu. Mpango wangu ulikuwa safi: asubuhi, pikipiki zikiondoka na mimi nikiwa juu ya mojawapo, Kapita ataachwa amefungwa, atavuta, kamba itakatika, atatukimbilia, nami nitampigia Papa kelele asimame. Nilikula ndizi zile kwa hamu. Ndiyo mara pekee katika safari nzima niliyojisikia mwenye akili kuliko wote.

Asubuhi Mama alinivalisha viatu vipya, lakini hakuleta mzigo wangu. Papa aliniita chini ya paa la jiko, akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Basele. Koko iko peke yake. Wewe ni ndoyi yake, unaona? Utabaki na yeye. Mwaka moja tu, utasoma hapa."

Sikuelewa mara moja. Nilitazama nyuma kuona anazungumza na nani.

"Na Kapita?" nikauliza.

"Kapita anabaki na wewe. Donc, hautakuwa peke yako." Kisha akaongeza, kama mtu anayeomba radhi kwa upande: "Bila mbwa, wewe ungetoka kwa mulango?"

Ndipo mambo yote yalipogeuka na kunitazama: viatu vikubwa vya kukulia, kichwa cha samaki, tochi, mkeka, kijidumu. Siku tatu nililinda kikapu, na mzigo uliokuwa unapelekwa ulikuwa umekaa katikati ya Papa na Mama, umeshikiliwa pande zote mbili. Mama alinikumbatia akiwa ameangalia pembeni. Papa alinipa kamba mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. Pikipiki zikawashwa. Harufu ya petroli ikatandaa, na Kapita, ambaye umande wa nyasi ulikuwa umemlowesha mpaka tumboni, akasimama masikio juu.

Ningeweza kusema. Ningeweza kumshika shingoni. Lakini kinywa changu kilikuwa kimejaa kilio ambacho nilikuwa nakikatalia kutoka, na kabla sijaamua, mbwa aliamua. Alivuta mara moja. Kamba ikakatika pale pale nilipoikata, kazi nzuri kabisa, nami nikabaki na kipande mkononi. Alikimbia akitoa ile sauti yake ya kusukutua, nyuma ya pikipiki, akapotea kwenye vumbi, akaonekana tena akiwa mwekundu juu ya kilima. Papa alisimama. Aliteremka, akamwinua, akageuka kututazama. Alikuwa mbali, lakini sauti yake ilifika.

"Nimurudishe?"

Koko alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilitaka mbwa wangu. Nilimtaka kiasi kwamba meno yaliniuma. Lakini nilimwona kule juu mikononi mwa Papa, ameelekeza pua upande wa Mangobo, na nikawaza kizingiti chetu kikiwa kitupu kabisa.

"Muende naye!" nilipiga kelele. "Yeye hana jina ya koko!"

Tonton hakucheka. Wakamrudisha kikapuni, wakaondoka, nami nikafikiri kwamba angalau mmoja wetu atalala nyumbani. Koko aliichukua ile kamba mkononi mwangu, akaipapasa mahali ilipokatwa, akanitazama. "Bon," alisema. "Wewe ni mimi kweli." Akaenda kuweka maji ya chai motoni.

Mwaka ule haukuniua. Koko naye, niligundua, alikuwa mtu wa mlangoni. Tulikaa kwenye kizingiti chake tukiwahukumu wapita njia wa Opala, na aliwafahamu vizuri zaidi, kwa hiyo hukumu zake zilikuwa na ushahidi. Nilijifunza kukausha samaki na kunyamaza. Niliporudi Mangobo, Kapita alininusa kwa muda mrefu, miguu, mikono, mzigo, kama askari wa kizuizi mwenye mashaka na karatasi zangu. Kisha akakaa juu ya mguu wangu, kwa uzito wake wote, na kwa wiki nzima sikuweza kusimama bila yeye kusimama.

Siku hizi watoto hawatolewi tena kirahisi hivyo kwa ndoyi zao. Koko anapewa simu, mtoto anapunga mkono kwenye kioo, mambo yamekwisha. Mama yangu hataki simu. Anaishi Simi-Simi sasa, mwendo mfupi tu wa pikipiki kutoka kwangu, na binti yangu wa miaka saba ana jina lake. Likizo hii Mama aliomba mtoto akakae naye. Nilisema ndiyo, nikakunja magauni, nikapika lituma, nikampa mtoto kichwa cha samaki. Asubuhi nikampigia mluzi mbwa wetu wa sasa aende naye, na ndipo nilipojisikia mikono yangu ikifanya kazi ya watu wengine. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, macho yamekaa kama ya koko wa Opala.

"Mama, mbwa anaenda kufanya nini kule? Nani anabaki?"

Mimi siku ile sikuuliza hivyo. Nilichunguza kila mtu, lakini swali hilo la maneno mawili sikulipata. Nikachuchumaa, nikafungua begi lake, kisha mkoba wangu, nikamwacha atazame ndani aone nguo za nani zimefungwa. "Wewe utabaki kwa koko," nilimwambia, "mpaka Jumapili. Jumapili nakuja kukuchukua. Mimi nitarudi leo." "Alors mbwa abaki na mimi," alisema, akamfunga mwenyewe, akavuta fundo mara mbili kuhakikisha limeshika. Alipokwenda kuvaa viatu, niliichukua ile kamba nikaipitisha mkononi, kidole kwa kidole, kutoka fundo mpaka mwisho, nikitafuta uzi uliokatwa.