Juu ya boga ya Grâce

Leo yaya yangu, dada yangu mukubwa, aliita mutoto wangu mulozi, mbele ya bantu bote.

Munisikilize.

Grâce, binti yangu wa myaka tisa, aliona mu telefone bantu banachonga maboga sura ya kuchekesha, ku fête ya Halloween, sikukuu ya Bazungu. Akaniomba tufanye vile na barafiki bake. Nikanunua maboga ine ku soko. Nikaita na ule yaya yangu wa mutaa ya Hewa Bora, na batoto bake.

Tulicheka, tulicheka! Grâce akawasha bougie, akaitia ndani ya boga yake, meno yenye alichonga ikawaka.

Yaya akasimama wima. "Grâce, nani alikupatia hii bulozi?"

Nilizani anacheka. Hapana! Akashika batoto bake mukono, akaenda. Bamama ya jirani nao bakaita batoto babo, moja moja. Ku meza tukabakia babili.

Sasa Grâce ananiuliza: "Mama, ni kweli niko mulozi?"

Nikamuambia hapana.

"Basi juu ya nini Mama mukubwa alikimbia?"

Hapa kwetu, ile neno ikishatoka, hairudi tena. Kesho itafika ku masomo mbele yeye afike.

Bandugu, mungemujibu nini?