Kobe Aliyepakwa Mafuta

Harufu ya mafuta ya nazi bado hunirudisha kwenye baraza yetu ya Ufukoni, siku mwanamume mmoja kutoka Ziwani alipoleta kobe wawili ndani ya tenga. Mama alikuwa ameniruhusu kufuga mmoja.

"Mchukue huyu mkubwa, mwanangu," alisema yule mtu. "Tazama anavyong'aa."

Kobe niliowahi kuwaona mashambani walijaa vumbi. Huyu aling'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikamnusa, kisha nikampangusa kwa pindo la kanga ya mama. Chini ya mafuta, gamba lilikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa nta.

"Amezaliwa nao huo," muuzaji akasema, bila kunitazama usoni.

 Mama alingoja niamue. Nikamchukua yule mdogo mwenye matope, aliyekuwa akinikwaruza kiganja akitaka kushuka.

Jioni nilimwekea mchicha uani, nikachutama kando yake. Hakutoa kichwa. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi, nikaanza kudhani kwamba hata kwa huyu nimedanganywa. Mama akaniita. Nilipogeuka kuondoka, nikasikia mchicha ukitafunwa.